Uzi: Misitu ya Tao la Mashariki na bajeti ndogo. Tunaanza kulinda wapi, na kwa kigezo gani?

Mkulo_Mrefu (#1)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa maandiko ya miradi hali ni ileile: halmashauri au asasi ina hela ya kulinda misitu miwili, mezani kuna sita, na unaochaguliwa ni ule wenye barabara nzuri au wenye mnyama anayependeza kwenye picha. Tulijadili hili kwa mfano wa Tao la Mashariki, maana huko ukichagua vibaya unapoteza kitu ambacho hakipo popote pengine duniani.

Kwa wasiolijua, Tao ni safu 13 za milima: Taita upande wa Kenya, kisha Pare Kaskazini, Pare Kusini, Usambara Magharibi, Usambara Mashariki, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Malundwe, Udzungwa na Mahenge. Miamba ni ya kale na mvua inatoka Bahari ya Hindi, hivyo misitu ilidumu hata vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kila safu ikabaki kama kisiwa na viumbe wake. Leo msitu uliobaki haufiki theluthi moja ya ule wa asili.

Watu hupenda kuandika kwamba tuko ndani ya "maeneo moto ya bayoanuwai", wakadhani kazi ya kuchagua imekwisha. Kigezo hicho, kilichoanzishwa na Norman Myers mwaka 1988, kinataka kanda iwe na angalau spishi 1,500 za mimea zisizopatikana kwingine na iwe imepoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Kinafaa kuchagua kanda za dunia. Ukiwa na misitu sita ndani ya wilaya moja hakikusaidii chochote, yote sita imo.

Maswali ya kazi kwa mtazamo wangu ni matatu. Msitu huu una nini kisichopatikana kwingine? Usipoulinda, nini kitatokea na kwa kasi gani? Hela hii na watu hawa wanaweza kubadilisha nini? Hilo la tatu ndilo linalorukwa.

Hondohondo (#2)

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze kosa la hesabu ambalo hata wataalamu hulifanya: kupanga misitu kwa idadi ya spishi, kisha kuchukua ya juu.

Chukua mfano wa kubuni. Msitu A una spishi 9 adimu, B una 8 na kati yake 7 zimo pia A, C una 3 tu ila hazipo A wala B. Ukichagua kwa idadi utachukua A na B, utapata spishi 10. Ukichukua A na C unapata 12. Msitu wa mwisho kwenye orodha umeshinda wa pili, kwa sababu unaleta kipya.

Sasa weka gharama ya mwaka: A milioni 60, B milioni 30, C milioni 12. A na C ni milioni 72 kwa spishi 12. B na C ni milioni 42 kwa spishi 11. Je, spishi moja ya ziada inastahili milioni 30? Hapo lazima urudi kwenye majina. A ina spishi mbili ambazo B haina. Kama zote zipo pia kwenye safu jirani iliyokwisha kulindwa, nenda B na C, na milioni 30 zilizobaki zilipe doria. Kama mojawapo haipo popote pengine, hesabu ya bei imekwisha, A lazima iingie.

Kwa misitu sita hadi kumi karatasi inatosha. Ikifika mamia kuna programu kama Marxan, lakini haina maana kuitumia kama orodha zako za spishi ni mbovu.

Mgeni_Mvumi (#3)

Samahani wakuu, mimi si mtaalamu. Kwa nini tusilinde tu tembo na simba, halafu hawa wadogo wafaidike humo humo? Watalii wanaleta hela, vyura hawaleti.

Mkulo_Mrefu (#4)

Swali halali, ndugu. Mnyama mkubwa anafunika wadogo pale tu wanapoishi eneo moja. Tembo wengi wako nyika na miombo. Spishi za Tao zimebanwa kwenye vipande vya msitu wa mlimani, nyingine kwenye eneo dogo ajabu. Chura wa Kihansi, *Nectophrynoides asperginis*, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, Udzungwa, katika uoto uliokuwa ukiloweshwa na mvuke wa maporomoko. Eneo lake lilikuwa la hekta chache tu. Hakuna hifadhi ya tembo ambayo ingemfikia.

Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipochepusha maji mengi ya mto kuelekea mitambo, mvuke ukakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na korongoni pakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Idadi ikapanda, katikati ya 2003 ikakadiriwa kuwa kama 20,000, kisha ikaporomoka ndani ya miezi michache wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Ukungu wa ngozi unaoua vyura, chitridi, ulikutwa kwao. Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ikatangaza kwamba wametoweka porini, na kuanzia 2012 waliozaliwa ughaibuni wakaanza kurudishwa korongoni.

Mabomba ya kunyunyizia, vyumba vya kuzalishia na usafirishaji vimegharimu kwa miaka mingi. Kiumbe wa eneo dogo namna hii anatakiwa ajulikane kabla ya bwawa kuchorwa, si baada ya zege kumwagwa.

Hondohondo (#5)

Na kwa wanaokwenda kutafiti vyura popote: sugua tope lote kwenye buti kwanza kwa brashi, ndipo utumie dawa. Sehemu moja ya bliichi ya kawaida kwa sehemu tisa za maji, dakika chache, suuza, kausha kabisa juani. Ukimwaga bliichi juu ya tope umepoteza bliichi, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwenye ukungu. Fanya hivyo kila unapohama bonde moja kwenda jingine, hata kama ni siku ileile.

KaratasiNaKalamu (#6)

Kabla ya hesabu za Hondohondo tuulize takwimu zimetoka wapi. Amani, huko Usambara Mashariki, ina historia ya utafiti tangu bustani ya mimea ya Wajerumani ya mwaka 1902. Rubeho, Nguu na Mahenge zimepata watafiti wachache sana, na baadhi ya safu zilizoonekana maskini zilipanda daraja mara tu timu zilipokaa huko kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo orodha fupi yaweza kumaanisha msitu maskini, au msitu ambao haujatembelewa.

Dawa yake ni kuandika juhudi pamoja na matokeo: saa ngapi za mtu, usiku mangapi, mitego mingapi, msimu gani. Linganisha misitu kwa juhudi inayofanana. Vyura utafute mvua zikiwa zimeanza, Agosti usishangae ukikosa. Vinyonga utafute usiku kuanzia saa moja, kwa tochi, kwa mwendo wa taratibu. Wakilala kwenye vijiti rangi yao hupauka na tochi inawaonyesha vizuri. Wale wadogo wa majani makavu hulala chini sana, mara nyingi chini ya kimo cha kiuno, kwa hiyo anayemulika juu tu anawapita. Mchana unaweza kupita hapohapo bila kuona hata mmoja.

Vigezo vya kimataifa vipo, vitumike. Kwa Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya viumbe kwa daraja la hatari ya kutoweka, spishi ambayo eneo zima la mtawanyiko wake liko chini ya kilomita za mraba 100 inaweza kuingia daraja la juu kabisa la hatari, na chini ya 5,000 daraja linalofuata. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi, lazima pia kuwe na mambo mawili kati ya haya: vipande vichache au vilivyotengana, kupungua kunakoendelea, au mabadiliko makubwa ya kupanda na kushuka. Wengi huandika "hatarini kabisa" kwa sababu ramani ni ndogo tu, andiko linarudishwa. Kwa maeneo, kiwango cha 2016 cha Maeneo Muhimu ya Bayoanuwai kinakubali eneo lenye angalau asilimia 0.5 ya idadi yote duniani ya spishi iliyo katika madaraja hayo mawili, pamoja na vizio vitano vya uzazi, kizio kimoja kikiwa ni wakubwa wanaotosha kuzaliana, mfano dume na jike.

Mkulo_Mrefu (#7)

Hapo kwenye vitisho, naweka njia inayotumika sana Tao kupima uharibifu. Ni rahisi, mtu wa kijiji anaweza kuifanya baada ya mafunzo mafupi.

Chora mistari iliyonyooka kwenye ramani, kwa umbali sawa, ikikata msitu kuanzia ukingoni kwenda ndani. Tembea kwa dira na GPS. Upana ni mita 10, yaani 5 kila upande wa kamba. Gawanya kila mita 50 na ujaze mstari mmoja wa fomu. Kilomita moja ya mstari ni hekta moja kamili, kwa hiyo ukijumlisha vipande 20 una idadi kwa hekta bila kuzidisha chochote.

Unahesabu makundi mawili. Nguzo: mti wa kipenyo cha sentimeta 5 hadi 15 kwenye kimo cha kifua, wenye urefu ulionyooka usiopungua mita 2. Mbao: zaidi ya sentimeta 15, ulionyooka mita 3 au zaidi. Kila mmoja unaandikwa ni hai, umekufa wenyewe, umekatwa zamani au umekatwa karibuni. Kisiki kipya jeraha lake bado ni jeupe au lina utomvu, cha zamani kimekuwa kijivu au cheusi. Pembeni andika mitego ya waya, tanuru la mkaa, shimo la kupasulia mbao, njia, moto.

Yanayoharibu kazi hii nayajua matatu. La kwanza ni kufuata njia ya miguu kwa sababu mstari umepita kwenye mteremko mkali, na njiani ndiko wakataji walikopita, hivyo uharibifu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. La pili ni kubadili watu kila mwaka bila kuwafundisha pamoja, mmoja anaita kipya ambacho mwenzake aliita cha zamani. La tatu ni msimu: mwaka huu Februari, mwakani Septemba, halafu mnasema ukataji umeongezeka.

Mgeni_Mvumi (#8)

Lakini siku hizi si kuna picha za setilaiti? Kwa nini mtu apande mlima na kamba?

Hondohondo (#9)

Setilaiti inaona shamba lililofyekwa na moto mkubwa. Haioni nguzo zilizochomolewa chini ya kivuli, wala mtego wa waya. Mfano wa wazi ni Udzungwa. Ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1992, mbega mwekundu wa Udzungwa ameendelea vizuri. Kwenye msitu wa Uzungwa Scarp, kusini zaidi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa hifadhi ya msitu yenye usimamizi dhaifu, mbega huyohuyo alipungua karibu kuisha kwa sababu ya uwindaji. Miti bado imesimama, ukitazama kutoka juu ni kijani kitupu.

Msitu wa hivyo unahitaji doria ya kuondoa mitego, siyo miche. Kupanda miti pale ni kutibu jino wakati mgonjwa ana malaria. Tofautisha tishio kwanza, ndipo upange bajeti. Kwa wanyama wa chini tumia kamera za kutega, kwa mbega na kima tembea njia zilezile kila mwezi asubuhi na mapema, ukihesabu makundi.

NgangaoTaita (#10)

Hamjambo wote. Huku kwetu Taita safu ni ndogo na vipande vya msitu vya asili vimebaki vichache: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo zaidi. Ndege kama *Apalis fuscigularis* na *Turdus helleri* wanategemea vipande hivi tu. Kati ya vipande kuna mashamba, na mikaratusi na misonobari iliyopandwa na serikali karne iliyopita.

Watu husema "ng'oa miti ya kigeni, panda ya asili". Haraka hiyo huharibu. Ukifyeka misonobari yote kwa mkupuo, jua linaingia, lantana na magugu ya ukanda wazi yanachukua nafasi kabla ya mche wa asili kufika magotini, na kiangazi moto unamaliza. Punguza kwa awamu. Chini ya misonobari iliyozeeka mara nyingi miche ya asili imeota yenyewe kwa mbegu zilizoletwa na ndege, kwa hiyo kagua kwanza, uiwekee vijiti vya alama, halafu angusha miti ukielekeza mbali nayo na uburute magogo kwa njia moja. Msonobari ukikatwa chini haurudi. Mkaratusi unachipua, utarudi kukata machipukizi mara kadhaa, la sivyo baada ya miaka miwili una shina tano mahali pa moja.

Jambo jingine: si kila kiumbe adimu yuko msituni. Mlima Sagalla kuna *Boulengerula niedeni*, amfibia asiye na miguu anayefanana na mnyoo, na anaishi kwenye udongo wa mashamba ya watu. Ukizungushia msitu uzio umemwacha nje. Yeye anataka kivuli, mboji na kingo za vijito zisizolimwa. Msaada wake ni mkulima kuacha ukanda kando ya kijito na kubadilisha mikaratusi kwa miti ya asili. Ni kazi ya bwana shamba kuliko ya askari wa misitu.

Hondohondo (#11)

Asante Taita. Usambara Mashariki tuna ndugu wa tatizo hilo, *Maesopsis eminii*, ambao Waganda huuita musizi. Kwao ni mti wa nyumbani, Amani uliletwa. Unapenda mwanga, kila pengo la msitu unalijaza, na mbegu zinasambazwa na ndege niliyejipa jina lake hapa. Kung'oa miche bila kugusa miti mikubwa ya mbegu ni kazi isiyo na mwisho. Kuangusha mikubwa kwa mkupuo kunafungua mapengo ambayo ndiyo inayapenda. Menya gome kuzunguka shina ili mti ufe taratibu ukisimama, anzia na michache iliyotangulia ndani ya msitu mzuri, na achia mwisho eneo ambalo tayari imetawala. Watu wengi huanzia palipo pabaya zaidi kwa sababu panaonekana.

KaratasiNaKalamu (#12)

Hilo la mwisho la Hondohondo ndilo jibu la swali la tatu la mleta uzi, naomba niliweke kwa namba.

Kwa kila msitu kadiria mawili: uwezekano wa spishi kuwepo baada ya miaka 20 bila mradi, na uwezekano huo ukiwa na mradi. Tofauti yake ndiyo faida. Zidisha kwa uwezekano wa mradi wenyewe kutekelezeka, gawa kwa gharama. Msitu wa mbali usioguswa: 0.90 bila, 0.95 na mradi, faida 0.05. Msitu ulioharibika kupita kiasi: 0.10 bila, 0.15 na mradi, faida vilevile 0.05. Msitu wa kati wenye ukataji wa nguzo na kijiji kilicho tayari: 0.30 bila, 0.70 na mradi, faida 0.40. Huo wa tatu unashinda kwa mbali, na ndio usiopigiwa kelele na mtu.

Namba hizi ni makadirio. Yafanywe na watu watatu au wanne kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkikaa pamoja toka mwanzo mtaandika namba za bosi.

Mkulo_Mrefu (#13)

Nakubali kwa sehemu, mkuu. Hatari ya kanuni hiyo ni kwamba daima itaukimbia msitu mgumu. Kama spishi yote duniani imo kwenye huo mgumu, 0.05 hiyo ndiyo iliyopo na hakuna pa kuhamishia. Mimi hutenga kwanza misitu ya aina hiyo, ndipo nigawe hela iliyobaki kwa kanuni yako.

KaratasiNaKalamu (#14)

Sina ubishi na hilo, mradi utenge kwa orodha ya majina na si kwa hisia.

Mgeni_Mvumi (#15)

Tukishachagua, kijiji kinaanzaje kisheria? Upande wa Tanzania.

KaratasiNaKalamu (#16)

Inategemea ardhi ni ya nani. Msitu ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 zinaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Mpangilio wa kazi: mipaka inakubaliwa na vijiji jirani kwa maandishi, kamati ya maliasili inachaguliwa, tathmini ya msitu inafanyika, mpango wa usimamizi na rasimu ya sheria ndogo zinaandikwa, halmashauri ya kijiji inapitisha, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaidhinisha, kisha sheria ndogo zinakwenda halmashauri ya wilaya. Mapato yanabaki kijijini.

Msitu ukiwa wa serikali, kama mingi ya vyanzo vya maji huko Tao, njia ni usimamizi shirikishi wa pamoja. Hapa ndipo pamekwama pengi. Wanakijiji wanafanya doria, lakini uvunaji hauruhusiwi, kwa hiyo hakuna cha kugawana, na mikataba mingi ilikaa miaka bila sahihi kwa sababu mgawanyo wa faida haukuamuliwa. Ukiandika mradi wa aina hii, posho ya doria, mizinga ya nyuki au tozo za wageni ziwe kwenye bajeti toka mwanzo.

Na fidia. Ushoroba wa Derema, Usambara Mashariki, ulihusu zaidi ya wakulima 1,000 wenye iliki chini ya miti. Kuwalipa kulichukua miaka, na manung'uniko yakawa mengi kuliko msitu wenyewe. Kama hela ya fidia haijawa benki, usiweke alama ya mpaka.

NgangaoTaita (#17)

Upande wa Kenya ni vyama vya jamii vya misitu, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Chama kinasajiliwa, kinaandaa mpango shirikishi, kisha kinasaini makubaliano na KFS, shirika la serikali la huduma za misitu. Bila makubaliano hayo chama hakina haki yoyote msituni hata kikiwa na cheti ukutani.

Mgeni_Mvumi (#18)

Na sheria ndogo zikishapita, kesi ya kwanza ya mkataji ikifika mahakamani huwa inaanguka kwa nini?

KaratasiNaKalamu (#19)

Mara nyingi ni karatasi. Muhtasari wa Mkutano Mkuu hauna orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, au sheria ndogo zilizopo mahakamani ni rasimu na si nakala iliyoidhinishwa na wilaya. Sababu nyingine ni mahali: doria imeandika "karibu na mto", mtuhumiwa anasema alikuwa shambani kwake, na hakuna namba za GPS. Fomu ya doria iwe na tarehe, saa, namba za GPS za kisiki, picha ya kisiki na ya mzigo, majina ya wanadoria wawili, na stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa yenye sahihi ya mtuhumiwa au ya shahidi. Nakala tatu: kamati, ofisi ya kijiji, afisa misitu wa wilaya.